Draiva Hushtakiwa Kabla ya Ushahidi

Hotuba kwa mafundi wa mifumo na mitandao

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie matatizo ya draiva za kadi za mtandao kwenye seva za Linux, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuziendesha kadi hizo, nami nimekubali bila kusita, kwa sababu sijui sehemu nyingine ya mashine inayosingiziwa mara nyingi kama hiyo. Seva ikikosa mtandao, taarifa ya kwanza kutoka chumba cha seva huwa ni kwamba draiva imeharibika, na hatua ya kwanza huwa ni kuusimika mfumo upya, au kuhamia Linux ya familia nyingine, au kushusha msimbo kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi na kuuunda kwa mkono. Jioni inaingia, mfumo ni mpya, draiva ni mpya, na mtandao bado haupo, kwa kuwa hakuna aliyesoma kile ambacho kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ilikuwa inakisema tangu asubuhi.

Hoja yangu ni kwamba draiva ifikiwe kwa zamu yake. Kati ya tundu la ukutani na programu inayotaka kutuma data kuna kebo, swichi, chipu ya kadi, njia ya PCI inayoiunganisha kadi na mashine, kerneli, draiva yenyewe, fimuwea (programu inayoendeshwa ndani ya kadi), jina la kiolesura ambalo mfumo huiitia kadi, na anwani, na kila kimoja kati ya hivyo kikikwama, mtumiaji huona jambo lile lile: hakuna mtandao. Bahati njema ni kwamba Linux haifichi imekwama wapi, ila inataka kuulizwa maswali kwa mpangilio.

Swali la kwanza ni kama mashine inaiona kadi. Hapa amri ni lspci -nn, na naomba tutulie kidogo kwenye mstari mmoja wa majibu yake, kwa kuwa watu wengi huusoma nusu. Mstari huo hutaja aina ya kifaa, kisha jina la chipu, tuseme Realtek RTL8111/8168, na mwishoni huweka namba mbili zilizotenganishwa na nukta pacha: 10ec:8168. Namba ya kwanza ni ya mtengenezaji na ya pili ni ya kifaa. Jina lililochapwa kwenye boksi halina uzito wowote kwa kerneli. Kinachotazamwa ni namba hizo. Ukizizoea utamtambua mwenye chipu hata kabla ya kusoma jina: 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 15b3 ni Mellanox, na 8086 ni Intel, ambao inaonekana walishindwa kuiacha namba ya prosesa yao ya mwaka 1978. Kadi mbili zenye boksi moja na rangi moja zinaweza kubeba chipu mbili tofauti, kwa hiyo anayetafuta msaada kwa kutaja jina la boksi anawapa wasaidizi wake kitendawili.

Kadi isipoonekana kabisa kwenye orodha ya lspci, basi mjadala wa draiva ufungwe hapo hapo. Draiva haiwezi kukiendesha kifaa ambacho njia ya PCI haikioni. Kachunguze kama kadi imekaa sawasawa kwenye nafasi yake, kama BIOS haijaizima, na, kwa seva zenye nafasi mbili za prosesa, kama nafasi ya PCI uliyotumia haitegemei prosesa ya pili. Jambo hili la mwisho huwasumbua sana wanaonunua seva yenye prosesa moja ili waokoe fedha: baadhi ya nafasi za PCI zimeunganishwa moja kwa moja na prosesa ya pili, na isipokuwepo, nafasi hizo zimekufa, hata uweke kadi ya bei gani.

Swali la pili ni nani ameichukua kadi. Ongeza herufi k, yaani lspci -nnk, na chini ya kila kifaa utaona mistari miwili inayofanana lakini yenye maana tofauti. Mmoja hutaja moduli, yaani draiva zinazopakiwa ndani ya kerneli, ambazo zingeweza kukiendesha kifaa. Mwingine, ulioandikwa Kernel driver in use, hutaja ile inayokiendesha sasa hivi. Mstari huu wa pili usipokuwepo, kadi haina mwenyewe. Kama hata ule wa kwanza haupo, maana yake kerneli uliyo nayo haiijui kabisa namba ya kifaa hicho, na mara nyingi sababu ni kwamba kadi ni changa kuliko kerneli. Mfano mzuri ni kadi za Intel za gigabiti mbili na nusu kwa sekunde, zile za jamii ya I225. Draiva yake, igc, iliingia kwenye kerneli 4.20 mwishoni mwa mwaka 2018, ilhali Debian 10, iliyotoka mwaka 2019, ilikuja na kerneli 4.19. Fundi aliyeweka Debian 10 kwenye ubao wenye chipu hiyo alikuwa na mfumo mzima na kadi nzima ambavyo havikuwahi kukutana. Dawa ya hali hiyo ni kerneli mpya zaidi kutoka hazina ile ile ya usambazaji wako, kwa mfano kupitia backports za Debian au kerneli za HWE za Ubuntu, ambazo huleta kerneli mpya kwenye toleo la zamani, na si kukimbilia kuunda draiva kwa mkono.

Swali la tatu ni la fimuwea, na hapa nitakaa zaidi kidogo kwa sababu ndipo watu wengi waaminifu hupotea. Kadi nyingi za seva ni kompyuta ndogo zenye prosesa zao, na baadhi hazina ndani yake programu yote ya kudumu ya kuziendesha. Hungoja draiva izipelekee faili la fimuwea kila mashine inapowaka. Draiva ikilikosa faili hilo, inapakiwa vizuri, inaonekana kwenye lsmod, amri ya kuorodhesha moduli, na hata mstari wa lspci unaitaja, lakini kiolesura hakifunguki. Ukitazama orodha ya moduli peke yake utaapa kwamba kila kitu ni salama.

Wenye seva zilizotumika za Dell PowerEdge R710 wanalifahamu jambo hili vizuri. Seva hizo zina chipu za Broadcom BCM5709 kwenye ubao, zinazoendeshwa na draiva iitwayo bnx2. Debian 6 ilipotoka Februari 2011, kerneli yake ilikuwa imeondolewa mafaili yote ya fimuwea yasiyo huru, yakahamishiwa kwenye pakiti za pembeni, na ya bnx2 ikawa ndani ya firmware-bnx2. Uamuzi ule ulikuwa na msingi wake wa kanuni, nami siubezi, lakini matokeo yake chumbani mwa seva yalikuwa mduara: pakiti iko kwenye mtandao, na mtandao unangoja pakiti. Hali ilibadilika Debian 12 ilipotoka Juni 2023, baada ya kura ya wanachama wa mwaka 2022 kuruhusu fimuwea ziwekwe kwenye diski rasmi za usimikaji.

Ushahidi wa tatizo hili unapatikana kwenye logi za kerneli, zinazosomwa kwa dmesg au journalctl -k. Utaona neno firmware, kisha failed to load, jina la faili ambalo kwa bnx2 huwa kama bnx2/bnx2-mips-09-6.2.1b.fw, na mwishoni namba -2. Namba hiyo hasi si pambo. Ndiyo njia ya kerneli ya kusema kwamba faili halipo mahali pake, yaani chini ya /lib/firmware. Ukiliweka na bado kosa likarudi baada ya kuwasha upya, angalia initramfs, ule mfumo mdogo wa mafaili unaotumika kabla diski kuu haijafunguliwa. Draiva ikiwa imo humo na fimuwea haimo, draiva itaamka mapema na kukuta pameshakauka. Kwa familia ya Debian jenga upya kwa update-initramfs -u, na kwa familia ya Red Hat kwa dracut -f.

Utauliza pakiti iletwe vipi kwenye mashine isiyo na mtandao. Diski ya USB inatosha, lakini ipo njia ya haraka zaidi ambayo ninaona haitumiki vya kutosha: chomeka simu ya Android kwenye seva kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti kupitia USB, na kerneli itaiona simu kama kadi ya mtandao kwa draiva ya rndis_host au cdc_ether, ambazo hazihitaji fimuwea yoyote. Bando dogo la simu linamaliza kazi ambayo vinginevyo ingekufanya upande na kushuka ngazi mchana kutwa.

Sasa nije kwenye draiva yenyewe, kwa kuwa sikusema haikosei kamwe. Ugomvi maarufu ni wa Realtek. Kerneli ina draiva yake kwa chipu hizo, r8169. Mtengenezaji naye hutoa yake, r8168, nje ya kerneli. Mitandao imejaa ushauri wa kuondoa ya kwanza na kuweka ya pili, na watu hulifanya hilo kabla hata hawajatazama logi. Msimamo wangu ni kwamba draiva iliyo ndani ya kerneli ndiyo ya kuanza nayo na ndiyo ya kubaki nayo, isipokuwa pale ambapo logi zimeonyesha kosa la wazi na draiva ya nje imethibitika kuliondoa. Sababu yangu si mapenzi. Draiva ya ndani hubadilika pamoja na kerneli. Ya nje lazima iundwe upya kila kerneli inaposasishwa, na kazi hiyo huachiwa DKMS, programu ya kuunda upya moduli za nje, ambayo nayo inahitaji vichwa vya kerneli mpya, yaani mafaili ya msimbo ya kuundia moduli, viwepo kwenye diski. Visipokuwepo, DKMS inashindwa bila kelele, seva inawashwa upya usiku wa matengenezo, r8169 iko kwenye orodha ya waliozuiwa, r8168 haijaundwa, na asubuhi ofisi nzima haina mtandao.

Kujua ni draiva ipi hasa inayotumika, usitegemee kumbukumbu ya aliyeweka. Andika modinfo ukifuatisha jina la moduli, na usome mstari wa kwanza. Njia ikipita kernel/drivers/net/ethernet, hiyo ni draiva ya kerneli. Ikipita updates/dkms, imetoka nje. Moduli ya nje ikikataa kupakiwa kwa maneno Invalid module format, imeundwa kwa ajili ya kerneli nyingine. Ikikataa kwa maneno Key was rejected by service, haina saini inayotambulika na Secure Boot, ulinzi unaokataa msimbo usio na saini, umeizuia. Hapo kuunda upya mara kumi hakusaidii kitu, kinachotakiwa ni kuitia saini na kuusajili ufunguo kwa mokutil.

Tuchukulie sasa kwamba kadi inaonekana, draiva imeichukua, fimuwea ipo, na bado ethtool, amri ya kukagua kadi ya mtandao, inasema Link detected: no, yaani hakuna muunganiko. Hapa rudi kwenye waya, tena bila aibu. Gigabiti kwenye kebo ya shaba inataka jozi zote nne, ilhali megabiti 100 zinatosheka na jozi mbili. Kebo iliyobanwa vibaya jozi moja inaweza kuungana kwa megabiti 100 siku zote, na fundi akatumia wiki nzima kuilaumu draiva kwa mwendo wa kinyonga. Kaunta ya makosa ya CRC, yaani pakiti zilizofika zimeharibika, kwenye ethtool -S ikipanda kila unapoitazama, badilisha kebo kabla ya kugusa kingine chochote. Kwa kadi za nyuzi za macho, tatizo mara nyingine ni kipachiko cha SFP+, kile kidude kinachounganisha uzi na kadi. Draiva ya ixgbe ya Intel hukataa vipachiko isivyovitambua, na husema hivyo waziwazi kwenye dmesg. Ipo hiari ya allow_unsupported_sfp ya kuilazimisha, lakini anayeitumia ajue kwamba amejitoa mwenyewe kwenye msaada wa mtengenezaji.

Aina ngumu kuliko zote ni kadi inayofanya kazi kisha ikazimia. Kwenye logi utakuta NETDEV WATCHDOG ikilalamika kwamba foleni ya kutuma imepitiliza muda, au, kwa e1000e ya Intel, Detected Hardware Unit Hang ikijirudia kila sekunde chache. Mshukiwa wa kwanza ni kazi ambazo kerneli huitwika kadi ili kuipunguzia prosesa mzigo. Kwa mfano TSO huifanya kerneli ikabidhi kadi kipande kikubwa cha data, hadi kilobaiti 64, kadi yenyewe ikate pakiti za baiti 1500. Baadhi ya chipu za jamii ya I217 na I219 hujikwaa hapo, na amri ethtool -K eno1 tso off gso off, ambamo eno1 ni jina la kiolesura, imewaponya wengi. Mshukiwa wa pili ni uokoaji wa umeme kwenye njia ya PCI Express, ASPM, ambao unaweza kuzimwa kwa kuongeza pcie_aspm.policy=performance kwenye mstari wa uwashaji wa kerneli. Jaribu kimoja, subiri mzigo wa kawaida upite, ndipo ujaribu cha pili. Anayezima vyote kwa mkupuo anapata seva iliyotulia na hajui kwa nini imetulia, na kerneli ijayo ikibadilisha tabia atarudi pale pale alipoanzia.

Majaribio haya yakifanyika kwa mbali kupitia SSH, kuondoa moduli ya kadi unayoitumia kuingilia ni kukata tawi ulilokalia. Hakikisha kwanza unaifikia konsoli kupitia iDRAC, iLO au IPMI, zile njia za kuisimamia seva kwa mbali bila kupitia mfumo wake. Isipokuwepo, ratibu kwanza kuwasha upya kwa shutdown -r +10, fanya jaribio, na ukifanikiwa futa ratiba kwa shutdown -c. Mabadiliko ya ethtool hayadumu baada ya kuwasha upya. Jambo ambalo siku nyingine huudhi, hapa linakuokoa. Yakithibitika ndipo uyaandike kwenye usanidi wa kudumu.

Naomba nitoe kisa kimoja cha kihistoria, kwa sababu ndicho kinachonifanya niwe mgumu kuihukumu draiva. Septemba 2008, watu waliokuwa wakijaribu matoleo ya awali ya kerneli 2.6.27 walianza kupoteza kadi za Intel zinazoendeshwa na e1000e, na ninaposema kupoteza sikusudii mtandao kukatika. Kumbukumbu ya kudumu ndani ya kadi ilikuwa ikifutika, hata kurudi kwenye kerneli ya zamani hakukuifufua. Kila kidole kilielekezwa kwa e1000e, na ilikuwa halali, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kuandika kwenye kumbukumbu ile. Watunzaji wake walianza kwa kuiwekea kinga kumbukumbu hiyo isiandikwe. Chanzo chenyewe kilikuja kuonekana kwenye chombo kisichohusiana na mtandao kabisa: ftrace, kifaa cha kufuatilia miito ya ndani ya kerneli, katika sehemu yake inayojirekebisha mashine ikiwa inaendeshwa. Kilikuwa kikirudi kuandika kwenye anwani za msimbo uliokwisha kuachiliwa, na anwani zile zilikuwa zimekwisha kugawiwa upya, zikaangukia kwenye rejista za kadi ya mtandao. Sehemu hiyo ilizimwa kwenye toleo la 2.6.27.1, siku chache baada ya 2.6.27 kutoka rasmi tarehe 9 Oktoba 2008. Waliobadilisha kadi pekee walikuwa wakiipelekea kerneli ile mhanga wa pili.

La majina nitalipitia haraka. Tangu toleo la 197 la systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, la Januari 2013, violesura huitwa kwa mahali vilipo, kama enp3s0, yaani njia ya PCI namba 3, nafasi 0. Ukiongeza kadi nyingine au diski ya NVMe, namba za njia zinaweza kusogea, enp3s0 ikawa enp4s0, na usanidi unaotaja jina la zamani ukabaki unaita asiyekuwepo. Draiva haina kosa hata kidogo. Funga jina kwa anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho wa kadi yenyewe, kwenye faili la .link chini ya /etc/systemd/network, na jambo hilo limekwisha.

Ikiwa baada ya yote haya ushahidi unaonyesha kweli kwamba draiva ndiyo mkosaji, basi ripoti iandikwe kwa watunzaji wake, ambao majina yao yamo kwenye faili liitwalo MAINTAINERS ndani ya msimbo wa kerneli. Ambatanisha matokeo ya lspci -nnk, ethtool -i yenye toleo la draiva na la fimuwea, toleo kamili la kerneli, na dmesg nzima tangu kuwaka, wala si mistari mitatu uliyoona inapendeza. Mkiwa na moduli yoyote ya nje, kerneli hujitia alama ya kuchafuliwa, na herufi O itaonekana kwenye kila ripoti ya kuanguka. Mtunzaji ataiona kabla ya kusoma salamu zenu na atawaomba mrudie kosa bila moduli hiyo. Afadhali mlirudie kabla hajaomba.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na nakaribisha maswali, kwa kuanza na wale waliokuja na logi zao.